Safari ndefu ya gari: Usiibane katika usiku mmoja

Desemba inapokaribia, wagonjwa wanaofika katika kliniki yetu huwa na maswali mawili. La kwanza ni kama wanaweza kupewa dawa za kuwatosha hadi Januari. La pili huulizwa mgonjwa akiwa amekwisha kusimama kuondoka, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango: je, daktari, kuna tembe ya kumzuia dereva asisinzie? Swali la kwanza lina jibu rahisi. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Wakazi wengi wa Thika na Ruiru ni watu waliotoka kwingine. Walivutwa na viwanda, mashamba ya mananasi na kahawa, vyuo, na nyumba ambazo kodi yake ni nafuu kuliko ya Nairobi. Kwao ni Busia, Kisii, Kitui, Taita au Meru. Wale ambao kwao ni hapa hapa hupenda kuwapeleka watoto Mombasa wakaione bahari. Basi mwaka mzima tunaishi pamoja, kisha kwa siku nne au tano mji mzima unakuwa barabarani, na karibu kila mtu anataka kufika kabla ya mwenzake.

Hebu tumchukue baba mmoja wa Thika kama mfano. Ni Ijumaa ya mwisho kazini. Ameamka saa 11 alfajiri kama ilivyo desturi yake. Amefanya kazi kutwa, amehudhuria ile karamu ndogo ya kufunga mwaka, amefika nyumbani na kupakia mizigo. Saa 12 jioni anawasha gari, mkewe kando yake na watoto watatu nyuma. Anakwepa msongamano wa jiji kwa kupinda Ruiru na kufuata Eastern Bypass, anatokea Cabanas na kuishika Barabara ya Mombasa. Ikifika saa 4 usiku, yuko mahali fulani kati ya Makindu na Mtito Andei. Hajafika hata nusu ya safari kwa uhakika, na amekuwa macho kwa muda wa saa 17.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio ambalo kila dereva angefaa kulijua. Waliwapima watu jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana, mara moja wakiwa wamenyimwa usingizi, na mara nyingine wakiwa wamekunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hushuka uwezo sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake. Akikesha saa 24, ni sawa na asilimia 0.10, ambacho ni kiwango cha mlevi kamili. Baba wetu wa Thika huenda hakuonja hata tone kwenye ile karamu. Polisi wakimsimamisha Emali na kile kifaa chao cha kupima pombe, atapuliza na kuambiwa aendelee na safari. Kifaa hakipimi usingizi.

Zaidi ya uchovu wa siku, mwili una saa yake ya ndani. Saa hiyo hutushusha mara mbili kwa siku: kuanzia saa 8 usiku hadi mapambazuko, na tena, kwa nguvu kidogo, kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Haijali kama umekunywa chai. Mnamo Oktoba 2018 basi la abiria lilipoteza mwelekeo alfajiri huko Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Ajali kama hiyo huwa na sababu nyingi, na si nia yangu kusema kwamba ilisababishwa na usingizi. Lakini saa yenyewe ni ile ambayo ubongo wa binadamu unakuwa dhaifu kuliko saa nyingine zote, na ndiyo saa ambayo Mkenya anapenda kuwa barabarani, eti hakuna magari mengi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dereva anayelala huanguka kichwa juu ya usukani. La. Mara nyingi ni usingizi wa sekunde mbili au tatu, macho yakiwa wazi au nusu wazi, na mwenyewe hajui kwamba ulimpitia. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde tatu ni zaidi ya mita 80, yaani zaidi ya robo tatu ya uwanja wa kandanda, gari likijiendesha. Sisi tunaoishi kando ya Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, tumezoea ukuta au bustani katikati ya wanaokwenda na wanaorudi. Sehemu kubwa ya barabara ya Mombasa haina kizuizi hicho. Anayehama upande wake kwa sekunde tatu anakutana na trela.

Tembe, miraa na dirisha

Sasa nijibu lile swali la mlangoni. Hapana, hakuna tembe ninayoweza kumwandikia dereva ichukue mahali pa usingizi. Miraa humfanya mtu ahisi yuko macho, na kwa muda huwa macho kweli, lakini deni la usingizi liko pale pale, nayo inapoisha nguvu humwangusha ghafla, mara nyingi ikiwa ni ile saa ya alfajiri niliyoitaja. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kujimwagia maji usoni husaidia kwa dakika chache tu. Anayefanya hivyo tayari ameambiwa na mwili wake asimame.

Kinachofanya kazi ni kusimama mahali salama penye taa na watu, kama kituo cha mafuta, kunywa kikombe cha kahawa kali, kisha kulala pale pale kwenye kiti kwa dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kupanda, kwa hiyo unapoamka vyote viwili vinakutana, usingizi ulioupata na kahawa iliyoanza kazi. Usilale saa nzima kisha ukurupuke kushika usukani, maana utakuwa umelewa usingizi kuliko mwanzo. Hata hivyo, dawa hii hukupa saa moja au mbili tu za kufika kwenye kitanda. Haikupi usiku mzima.

Nitaje pia dawa ambazo watu hawazidhanii. Piriton, ambayo karibu kila nyumba inayo kwa ajili ya mafua na mwasho, huleta usingizi. Hali kadhalika dawa nyingi za kikohozi na zile za kuzuia kutapika safarini. Apewe abiria, asipewe dereva, na dereva asiinywe hata jana yake usiku bila kumwuliza mwuza dawa.

Hesabu ya haraka

Wanaume wengi hunijibu kwamba kusimama simama ni kupoteza wakati. Haya, tupige hesabu. Kutoka Thika hadi Mombasa ni takriban kilomita 520. Mwenye wastani wa kilomita 80 kwa saa atatumia saa 6 na nusu. Mwenye wastani wa 100 atatumia saa 5 na dakika 12. Faida yake ni saa moja na dakika 18, tena ni faida ya kwenye karatasi. Barabarani kuna matuta kila penye soko, kuna malori yaliyopangana kama siafu, na ili apate wastani huo ni lazima ayapite mara kwa mara kwa kasi ya 120 na zaidi, ilhali sheria inaruhusu gari dogo 110 katika barabara kuu na 50 mjini. Tena nguvu ya mgongano haipandi sawasawa na mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 110, nguvu inayokuja kuupiga mwili wako inakaribia kuwa maradufu.

Upande wa pili, vituo vitatu vya dakika 20 vinakugharimu saa moja. Huo ndio wakati tunaougombania.

Nadhani ugonjwa huu wa mbio tuliurithi. Baba zetu walisimama kando ya barabara kushangilia mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, na majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta yalitajwa nyumbani kama ya majirani. Mehta alishinda mara tano. Watu husahau kwamba bingwa huyo alikuwa na mwenzake kando akimsomea njia na mafundi wakimngoja mbele. Baba wetu wa Thika ana mke aliyesinzia na mtoto anayetaka kukojoa.

Kwa hiyo, pendekezo langu kwa anayekwenda Pwani ni hili. Ijumaa lala nyumbani. Ondoka Jumamosi kumepambazuka, ukiwa umelala saa 7 au 8. Simama kila baada ya saa 2, hata kama hujachoka, kwa sababu mwenye kuchoka ndiye wa mwisho kujua. Emali ni mahali pazuri pa kwanza, kuna matunda na kuna vyoo. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hukaribishwa chakula bila malipo, mradi avue viatu, afunike kichwa na asiingie na pombe wala sigara. Ukifika Mtito Andei uko nusu ya njia. Kula hapo, lakini usile sahani ya ugali na nyama itakayokulaza saa 8 mchana ukivuka Tsavo.

Na kama uwezo upo, lala Voi. Najua kwamba chumba kimoja cha hoteli ndogo ni fedha, na kwa familia ya watu watano ni vyumba viwili. Lakini hata aliyeondoka asubuhi na mapema anaweza kucheleweshwa na ajali ya lori Salama au Sultan Hamud, akajikuta Mtito Andei jua likitua. Huyo asiendelee. Kutoka hapo hadi Voi barabara inapita katikati ya mbuga mbili za Tsavo, na usiku ndovu huvuka. Ndovu ana rangi ya vumbi na hana taa ya nyuma.

Miguu ya abiria

Nimesema mengi kuhusu dereva. Abiria naye ana hatari zake, na hizi ndizo tunazoziona zaidi kliniki mwezi wa Januari.

Damu hupelekwa miguuni na moyo, lakini kurudi juu husukumwa na misuli ya mashavu ya miguu tunapotembea. Ukikaa na magoti yaliyokunjwa kwa saa nyingi, damu hutuama kama maji ya mtaro uliozibika, na huweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa. Donge hilo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu, na hapo linaweza kuua katika dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007: safari ya saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, gari moshi au gari dogo, huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Si ndogo kwa mjamzito, mama aliyejifungua majuzi, mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mnene kupita kiasi, anayemeza tembe za kupanga uzazi, au aliyewahi kuganda damu zamani.

Alinijia mama mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mwuzaji wa nguo Ruiru, aliyetoka mazishini Busia kwa basi la usiku. Alikaa dirishani kwa muda wa saa kama 10 akiwa amempakata mjukuu. Basi lilisimama mara mbili na hakushuka, aliogopa kuachwa. Hakunywa maji kwa sababu hakutaka kutafuta choo. Baada ya siku nne mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, una joto, shavu la mguu linauma akilibonyeza. Alikuwa ameukanda kwa mafuta na maji moto, akisema ni uchovu wa safari. Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, picha ikaonyesha donge la damu juu ya goti. Alitumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi, na leo yuko kwenye kibanda chake. Kule kuukanda mguu ndiko kulikonitia hofu zaidi.

Shika alama hii: miguu yote miwili ikivimba kidogo kwenye vifundo baada ya safari, kisha ikapungua ukilala, mara nyingi si neno. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hata wiki mbili tatu baada ya safari, usiukande. Nenda hospitali. Na ukipata pumzi fupi ya ghafla, maumivu ya kifua au kukohoa damu, usingoje asubuhi.

Kinga yake ni kushuka kila gari linaposimama na kutembea dakika tano. Ndani ya gari, inua visigino na vidole vya miguu kwa zamu, mara ishirini au thelathini kila nusu saa. Usiweke mizigo mahali pa miguu.

Kuhusu maji, wanawake wengi husafiri wakiwa na kiu makusudi. Nawaelewa, maana vyoo vya barabarani vingine havisemeki. Lakini tunatoka Thika, karibu mita 1,500 juu ya bahari, tunateremka hadi joto la Mtito Andei na Voi, na mwili unapoteza maji hata kama huoni jasho. Mkojo unaozuiliwa kwa saa nyingi, tena ukiwa mzito, hukaribisha maambukizi na huchangia mawe ya figo. Kunywa kidogo kidogo, na dereva akubali kusimama. Mwenye presha anayemeza vidonge vya kuongeza mkojo asiviache kwa siku tatu za safari, kama nilivyokuta wengi wakifanya. Aje tuzungumze juu ya kubadilisha saa ya kuvimeza.

Mwenye kisukari anayetumia insulini asiiweke kwenye dashibodi wala kwenye buti. Joto la gari lililoegeshwa juani huiharibu. Aitie ndani ya themosi iliyopozwa kwa maji baridi, isiguse barafu. Kama ndiye dereva, apime sukari kabla ya kuondoka na tena kila baada ya saa 2, na ikiwa chini ya 5 ale kwanza, asubiri itulie, ndipo aendeshe. Biskuti ziwe mfukoni mwake, siyo kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Mjamzito apitishe mkanda wa chini chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu katikati ya matiti. Baada ya wiki 36 abaki karibu na hospitali yake. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele, hata akilia. Anayetapika akae mahali anapoona mbali mbele, asiangalie simu, na ale mkate mkavu badala ya chipsi.

Wale wasioweza kungoja

Kuna safari ambayo ushauri wangu hauiingii vizuri. Ni ile ya mazishi. Mwili unatolewa chumba cha maiti Alhamisi jioni, jamaa wameketi wiki nzima wakichanga na kukesha, na asubuhi wanatakiwa wawe Siaya au Vihiga. Sitamwambia mfiwa alale njiani. Ninachowaomba wenye kamati ni kwamba, katika ile bajeti ya jeneza, hema na chakula, waweke pia madereva wawili kwa kila gari, na mmoja wao awe mtu ambaye hakukesha matangani. Asiwe mtoto wa marehemu.

Anayesafiri kwa basi au matatu hana usukani, lakini ana mdomo. Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na gari la abiria halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Unapokata tiketi ya basi la usiku kwenda mbali, uliza kama kuna dereva wa pili. Kampuni inayokasirishwa na swali hilo imekujibu.

Mwisho ni safari ya kurudi, ambayo hakuna anayeipangia. Nauli imekwisha, watoto wamechoka, na kila mtu anataka kuubana utamu wa Jumapili hadi jioni. Anayetakiwa kuripoti kazini Jumatatu asubuhi aondoke Mombasa Jumamosi baada ya kifungua kinywa, alale Voi au Mtito Andei. Jumapili alasiri atakuwa Ruiru, nguo zenye mchanga zikiwa zimeanikwa, na atalala kitandani kwake kabla ya saa 3.